Kabla ya kusuka mkeka, jifunze kuacha mechi

JUMAMOSI asubuhi pita kijiwe chochote cha bodaboda hapa Unyambwa, Singida. Simu ziko mikononi na swali ni moja: leo tunaweka nani? Hakuna anayeuliza, leo tunaacha nani? Hapo ndipo hela zinapopotelea.

Wacheza poka wanatuzidi kwa hili. Mchezaji anagawiwa karata mbili, na kabla hajaongeza dau anajiuliza kama zinafaa. Mzoefu hutupa nyingi kuliko anazocheza. Anajua kwamba kupata A mbili mkononi ni bahati ya mara moja katika migao 221, kwa wastani. Basi anasubiri, wala haoni aibu. Sisi kila mechi tunaiona ni A mbili!

Tupige hesabu. Umesuka mkeka wa mechi kumi, kila moja odi 1.30. Ukiweka buku, unaahidiwa kama 13,800. Tufanye kila timu uliyoichagua ina uwezo wa kushinda mara tatu katika nne. Zote kumi kushinda kwa pamoja ni kama mara moja katika mikeka 18. Yaani unatoa 18,000 kuitafuta 13,800. Kampuni imechukua chake kidogo kwenye kila odi, na kila mechi unayoongeza inaongeza kile kidogo.

Halafu kuna "mechi ya bure". Novemba 22, 2022, Argentina ya Messi ilicheza na Saudi Arabia kwenye Kombe la Dunia. Nani hakuiweka? Saudi ikashinda 2-1. Argentina ikaja kubeba kombe, lakini mkeka wako ulishachanika siku nyingi.

Na kuna mapenzi. Mwana Yanga anaiweka Yanga, wa Simba anaiweka Simba, na sisi wa huku tunaiweka Singida Black Stars, hata kama hatujui nani majeruhi. Hiyo si kuchagua mechi, ni kushangilia kwa hela.

Sisemi kwamba mkeka mfupi utakutajirisha. Kampuni bado ina chake mle. Nasema utapoteza kidogo, taratibu, na hela ya alizeti itafika nyumbani ikiwa bado hela.

Tena sisi tuna nafuu kuliko wa poka. Yeye hata akitupa karata, zamu ikimfikia lazima atoe dau la kuanzia. Wewe kuacha mechi hukugharimu hata senti. Hata kuiacha Jumamosi nzima ni bure.

Kwa hiyo wikiendi hii, mechi usiyoweza kuieleza kwa sababu zaidi ya jina la timu, itupe. Ukikuta umezitupa zote, kaa kibandani uangalie mpira. Raha yake iko palepale.