Mwenye Habari na Mwenye Masimulizi

JICHO LA KANDO
Na Bakari Mwinshehe

Mwaka 1983 studio ya Paramount ililipa fedha ili iwe na haki ya kutumia makala moja ya jarida. Mwaka 2022 studio hiyohiyo ilisimama mahakamani Los Angeles ikadai kwamba filamu yake mpya haikuchukua kutoka makala ile kitu chochote ambacho mtu anaweza kusema ni mali yake. Kauli zote mbili ni za wanasheria waliosoma, na jaji aliikubali ile ya pili. Kesi hii inatuhusu sisi waandishi wa habari kuliko inavyowahusu waigizaji, na kila ikitajwa kwenye chumba cha habari naona wenzangu wanakimbilia upande mmoja: mwandishi kaibiwa. Mimi sidhani kama kaibiwa. Kadharauliwa, ndiyo, na hilo ni shauri jingine.

Makala yenyewe iliandikwa na Ehud Yonay, mwandishi wa Kiisraeli aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Ilichapishwa Mei 1983 katika jarida la California, kwa jina la "Top Guns". Yonay alikwenda Miramar, San Diego, kwenye shule ya jeshi la majini ambako marubani bora walipelekwa kunolewa. Shule hiyo ilianzishwa 1969, baada ya Wamarekani kuona ndege zao zinaangushwa mno katika anga la Vietnam na marubani wao wamepoteza ufundi wa kupigana ndege kwa ndege. Hiyo ni historia, na nyaraka za jeshi zimeieleza. Yonay hakuishia hapo. Aliwachukua vijana wawili, rubani na mwenzake wa kiti cha nyuma ndani ya F-14, akawafuata kwa majina yao ya angani, Yogi na Possum, akamwonyesha msomaji wanavyobanwa na uzito wa miili yao ndege inapokata kona, wanavyoshindwa na walimu wao, na wanavyojigamba jioni baada ya kazi.

Mtayarishaji Jerry Bruckheimer aliliona jarida lile akaiona filamu. Yeye na mwenzake Don Simpson wakaipeleka Paramount, haki zikanunuliwa, na mwaka 1986 "Top Gun" ikatoka chini ya uongozi wa Tony Scott, Tom Cruise akiwa Maverick. Iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani. Huku kwetu wengi waliijua kupitia kanda za VHS zilizozungushwa mpaka picha ikaanza kutetemeka. Jina la Yonay lilikuwemo katika orodha ya majina kwenye filamu, pamoja na maelezo kwamba wazo lilitokana na makala yake. Kwa wakati ule kila mtu alikuwa amepata chake.

Kilichorudisha jambo hili ni sheria ambayo ningependa kila mwandishi aijue, hata asiyeishi Marekani. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976 kinasema kwamba mtunzi aliyeuza haki zake kuanzia Januari 1978 anaweza kuzirudisha baada ya miaka 35. Anatoa notisi, si chini ya miaka miwili na si zaidi ya kumi kabla ya siku aliyoichagua, na ikifika siku hiyo haki zinarudi nyumbani. Akiwa amefariki, mjane na watoto wanaweza kufanya hivyo badala yake. Na kilicho kitamu zaidi, haki hiyo haiuziki: hata kama mkataba umeandikwa "milele na milele" na mtunzi akatia saini mbele ya mashahidi kumi, kifungu kinabaki palepale.

Sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kuuza muswada. Siku ya kuuza, mnunuzi ana fedha na muda, mtunzi ana kodi ya nyumba. Hakuna anayejua thamani ya kazi ambayo haijatoka. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walimuuza Superman mwaka 1938 kwa dola 130. Bunge la Marekani liliona kwamba bei ya namna hiyo si bei, ni kubahatisha, na kwamba mbahatishaji maskini astahili kurudi mezani baada ya matokeo kujulikana.

Yonay alifariki mwaka 2012. Mwaka 2018 mjane wake Shosh na mwanawe Yuval, wanaoishi Israel, walitoa notisi, na tarehe 24 Januari 2020 haki za makala zikawarudia. Filamu ya 1986 haikuguswa, kwani sheria inaruhusu kazi iliyokwisha kutengenezwa kabla ya tarehe hiyo iendelee kuuzwa. Lakini filamu mpya inayotokana na makala ingehitaji ruhusa mpya.

Na filamu mpya ilikuwa njiani. "Top Gun: Maverick" ilipangwa kutoka Julai 2019, ikasogezwa hadi Juni 2020, kisha ugonjwa wa korona ukaisogeza tena na tena mpaka ikafika kwenye kumbi tarehe 27 Mei 2022. Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 170. Iliingiza karibu dola bilioni 1.5. Tarehe 6 Juni, watu wakiwa bado wanapanga foleni, familia ya Yonay ikafungua kesi.

Studio ilijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba filamu ilikuwa imekamilika vya kutosha kabla ya Januari 2020. Hoja hii iliwafurahisha sana waandishi wa Hollywood, maana ilizua swali la lini hasa filamu inasemekana imekwisha: ikishapigwa picha, ikishahaririwa, ikishawekwa muziki? Mimi niipite. Iliyoamua kesi ni hoja ya pili, kwamba hata kama haki zilirudi, filamu mpya haikugusa chochote kinacholindwa na haki hizo.

Aprili 2024 Jaji Percy Anderson aliipa Paramount ushindi bila kesi kufika mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Familia ikakata rufaa, lakini kiini cha mzozo hakikubadilika. Hakimiliki hailindi ukweli. Kuwepo kwa shule ile ni ukweli. Marubani kuwa na majina ya utani ni ukweli. Kwamba wanafanya mazoezi ya kukimbizana angani, wanatua juu ya meli za kubeba ndege, wanajaa baa na kuimba, yote hayo yapo duniani na Yonay aliyakuta. Ukiyaondoa, alichotunga mwenyewe ni mpangilio wake, uchaguzi wake wa matukio, na sentensi zake. Sasa itazame filamu ya 2022: rubani wa makamo anaitwa kuwafunza vijana kwa ajili ya kulipua kiwanda cha urani katika nchi isiyotajwa jina, na mmoja wa vijana hao ni mtoto wa rafiki yake aliyekufa katika filamu ya kwanza. Makala ya Yonay haina kiwanda, haina shambulio, haina yatima. Kinachozifanya zifanane ni shule ile yenyewe, na shule ile haikutungwa na mtu.

Hapa ndipo ninapotengana na wenzangu. Sisi tunakula kwa sababu ukweli hauna mwenyewe. Meli ya MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria Mei 1996, kama mwandishi wa kwanza kuandika habari ile angekuwa na hati ya kuimiliki, kila gazeti lililofuata, kila mtunzi wa riwaya, kila mwanamuziki aliyetaka kuwalilia marehemu angepita kwanza mlangoni kwake na risiti. Bahari ni ya wote, ila dema lina mwenyewe. Yonay alikuwa na dema zuri kweli, lakini Paramount safari hii walivua kwa nyavu nyingine.

Nawasikia wakiuliza: kama vilikuwa vya bure, 1983 walinunua nini? Swali zuri, na jibu lake halina siri. Studio hununua makala ili mtu mwingine asiinunue, na ili mwandishi asije na wakili siku filamu ikitoka. Kampuni ya bima haitaikatia filamu bima kabla ya kuona karatasi za haki zimepangana tangu mwanzo. Bei ile ilikuwa bei ya utulivu. Haikuwa kukiri kwamba shule ya kijeshi ni mali ya mwandishi wa jarida. Unaweza kuita huo ni unafiki, na sitakubishia sana, lakini ni unafiki ambao umewalipa waandishi wengi kodi ya nyumba.

Kifungu cha kurudisha haki kinafanya kazi pale ambapo kilichouzwa kilitungwa hasa, na kwa hilo sina haja ya kwenda mbali na Afrika. Solomon Linda, Mzulu aliyekuwa akiimba Johannesburg, alirekodi "Mbube" mwaka 1939 na haki zake zikaenda kwa kampuni ya Gallo kwa malipo ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa shilingi kumi. Wimbo ukavuka bahari, ukabadilishwa majina, mwaka 1961 ukawa "The Lion Sleeps Tonight", na mwaka 1994 ukaingia katika "The Lion King" ya Disney. Linda alifariki 1962 akiwa fukara. Mawakili wa binti zake walichimba sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yake, ambayo ilisema haki zilizouzwa na mtunzi zinawarudia warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo zilikuwa zimerudi tangu 1987 na hakuna aliyewaambia. Disney walishtakiwa Afrika Kusini mwaka 2004, na Februari 2006 pande zikapatana, familia ikalipwa.

Tofauti ya Linda na Yonay haiko kwenye huruma, maana wote wawili wanastahili huruma. Simba ni wa porini, hana hakimiliki, lakini ile sauti ya juu iliyopanda kifuani mwa Linda haikuwepo duniani kabla yake. Ndiyo maana familia moja ilipata mezani na nyingine ikatoka mikono mitupu.

Bado kuna lile la jina, na hapa siwatetei studio hata kidogo. Mkataba wa 1983 ulitaka Yonay atajwe katika filamu itakayotokana na makala yake kwa kiasi kikubwa. Filamu ya kwanza ilimtaja. Ya pili haikumtaja, familia ikashitaki kwa hilo pia, na jaji akasema filamu haikutokana na makala kwa kiwango hicho, basi hakuna deni. Kisheria, sawa. Lakini hakuna Maverick wa 2022 bila Maverick wa 1986, na huyo wa 1986 studio yenyewe ilishatangaza kwenye pazia kwamba alitokana na wazo la Yonay. Mstari mmoja mwishoni, watu wakiwa wanatafuta viatu vyao gizani, ungegharimu nini? Hata waandaaji wa tuzo za Oscar waliiweka filamu hiyo kwenye kundi la miswada iliyotokana na kazi nyingine, kwa vile mwendelezo wowote huhesabiwa hivyo. Ikawania tuzo hiyo, jina la aliyeanzisha yote halimo popote.

Nadhani najua kwa nini. Notisi ya kurudisha haki ilipokwisha kufika, kumtaja marehemu kungegeuka ushahidi. Wakili yeyote angemshauri mteja wake asiandike herufi hata moja. Sheria iliyokusudiwa kumwinua mtunzi ikafanya adabu ya kawaida iwe hatari, na studio ikachagua usalama. Uamuzi wa kibiashara, na mbaya.

Sheria yetu ya Tanzania ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haina saa ya miaka 35, wala ya Kenya ya 2001 haina. Ukiuza, umeuza, isipokuwa mkataba wenyewe useme vingine. Kwa hiyo wewe mwandishi wa makala, siku mtu wa filamu akikujia na karatasi, usimalize nguvu zote kwenye bei. Weka kikomo cha miaka. Andika kwamba jina lako litatajwa katika filamu ya kwanza na kila mwendelezo wake, iwe imefuata makala yako au haikuifuata. Na ukikataliwa kipengele hicho, uliza sababu kabla hujatia saini.