Mzigo una cheti, mgonjwa hana

Ndugu mfanyabiashara, ukivuka Gatumba au Kobero mzigo wako hudaiwa cheti cha uasili. Mgonjwa anayehamishwa kutoka wodi ya Uvira kuja Bujumbura anaweza kufika na bahasha ya eksirei tu. Kidonda chake kina bakteria sugu? Hakuna ajuaye. Analazwa katikati ya wenzake, na Klebsiella hupita kwa mikono, kingo za kitanda, mipira ya mkojo. Mwaka 2019 usugu huu uliua watu takriban milioni 1.27 duniani. Jumuiya tuliyojiunga nayo 2007 iagize jibu la maabara lisafiri na mgonjwa; likikosekana, alazwe kando hadi apimwe. Nasi tunaouguza ndugu zetu (mimi nimo) tunawe kabla ya kumshika mgonjwa wa kitanda cha pili.