Mnachoma Nyavu, Chambo Mnakitoa Wapi?

Sangara hamfuati samaki aliyekufa kama anavyomfuata anayefurukuta. Mvuvi yeyote wa ndoano katika Ziwa Victoria, awe wa Ukerewe, Sengerema au Musoma, anajua hilo, ndiyo maana jioni mwaloni kabla mtumbwi haujasukumwa majini swali la kwanza huwa hilo hilo: chambo kipo? Kamba moja hubeba mamia ya ndoano, na tajiri mwenye uwezo huunganisha kamba mpaka ndoano zikavuka elfu. Kila ndoano inadai kambale mmoja mchanga, mzima, mwenye nguvu ya kupiga mkia usiku kucha. Zidisha hesabu hiyo kwa mitumbwi ya mwalo mmoja, kisha kwa mialo ya nchi tatu zinazolizunguka ziwa, halafu uniambie kambale wote hao wanatoka wapi.

Wanatoka kwenye mafunjo. Wanachotwa kwa vyandarua kwenye vinamasi na midomo ya mito, mahali hasa samaki wa ziwa hili wanapozalia na kukulia. Na serikali zetu, ambazo zimetumia miaka na mabilioni kupambana na uvuvi haramu, zimelikalia kimya jambo hili kana kwamba chambo hunyesha na mvua.

Nasema bila kuzunguka: nchi inayoruhusu uvuvi wa ndoano bila kujali chambo kinapatikanaje imeruhusu uharibifu na kuupa leseni. Huwezi kumwambia mvuvi kwamba ndoano yake ni halali, ukamkatia risiti ya leseni, ukachukua ushuru wa samaki wake asubuhi, kisha ukajifanya hujui kwamba ile ndoano haivui kitu bila kiumbe hai, na kwamba kiumbe huyo hauzwi popote kihalali karibu na mwalo wake.

Tuliona hilo mwaka 2018 hapa Tanzania. Operesheni Sangara ilizunguka ziwa, nyavu zikakusanywa na kuchomwa, watu wakatozwa faini, mitumbwi ikataifishwa. Uganda nao walikuwa wameshaingiza askari wa jeshi ziwani tangu mwaka 2017. Makokoro yalichomwa, nyavu za timba zikachomwa. Sina huruma na kokoro. Linazoa kila kitu hadi mayai, na aliyelitetea hakuwa rafiki wa ziwa. Lakini moto ule uliishia kwenye zana. Mvuvi aliyenyang'anywa nyavu na kuambiwa arudi kwenye ndoano alirudi kweli, na siku hiyo hiyo mahitaji ya chambo yakapanda. Nani alijiuliza kitatoka wapi? Kanuni zetu zinamlinda sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50. Ofisa huja na rula mwaloni, anapima. Hakuna anayekwenda na rula kwenye ndoo ya muuza chambo.

Angalieni ndani ya ndoo hiyo, hasa inapotoka tu majini kabla haijachambuliwa. Kambale wanaotakiwa, wa saizi ya kidole, ni sehemu tu ya kilichomo. Mna furu, mna vifaranga vya sato vyenye urefu wa kucha, mna kamongo mchanga, mna viluwiluwi na uduvi. Mchambuaji anachukua kambale mmoja mmoja na kumtupa kwenye dumu lililokatwa juu, lenye maji kidogo. Vingine vinabaki kwenye nyasi. Sato hafi taratibu. Baada ya dakika chache amekakamaa. Furu hivyo hivyo. Kambale anabaki akijinyonganyonga, kwa kuwa Mungu amempa kiungo cha kuvuta hewa ya juu, na unyevu ukiwepo anaweza kukaa nje ya maji kwa saa nyingi. Ndiyo sababu anapendwa kwa chambo. Furu ukimtunga anakata roho mapema na sangara anampita. Kambale ukimtunga kwa ustadi, ndoano ikapita kwenye nyama ya mgongo bila kugusa uti, atahangaika huko chini hadi alfajiri. Uimara wake umemgeuza kuwa bidhaa, na kila anayetafutwa anaondoka na wenzake wasiotafutwa.

Tumwangalie furu kidogo, maana habari yake haisemwi vya kutosha. Ziwa hili lilikuwa na mamia ya aina za furu, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Sangara aliletwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akatulia, kisha miaka ya 1980 akalipuka na kuwafyeka. Aina nyingi zimepotea kabisa. Waliosalimika, wengi wao walisalimika kwa kujificha kwenye miamba na kwenye majani ya kingoni, ambako maji yana hewa kidogo na sangara hapendi kuingia. Sasa chandarua cha chambo kinawafuata huko huko. Ili tumlishe yule mnyama aliyewamaliza kwenye maji ya wazi, leo tunawatoa furu mafichoni kwa mikono yetu. Kama hilo halimkasirishi mtu anayejiita mhifadhi, basi sijui anahifadhi nini.

Halafu kuna watu. Kazi ya kuchota chambo haifanywi na tajiri wa mitumbwi. Inafanywa na vijana wasio na mtaji, na mara nyingi mno na watoto ambao saa hizo wangekuwa darasani. Wanaingia kwenye maji ya kifuani, kwenye matope, penye viboko na mamba, na penye konokono wanaobeba kichocho. Mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria inaelemewa na kichocho kuliko karibu kila mahali nchini. Serikali inapeleka dawa shuleni, watoto wanapangwa mstari, wanameza. Wiki inayofuata mtoto yule yule yuko kinamasini anavuta chandarua, anaambukizwa upya. Na chandarua chenyewe mara nyingine ni kile kile kilichogawiwa ili asiugue malaria. Wizara moja inatibu, nyingine inaangalia pembeni.

Kiangazi ndipo utaona ukweli wote. Kambale hutaga mvua zinapofurika kingo. Masika yakipita, vifaranga vinajaa kwenye majani na bei inashuka. Kinamasi kikikauka, bei inapanda kila wiki, wachotaji wanaingia ndani zaidi kwenye mafunjo, wengine wanayachoma moto ili wafikie vidimbwi vilivyobaki. Mtumbwi unalala mwaloni kwa kukosa chambo huku deni la mafuta likisubiri. Mvuvi kibarua, ambaye analipwa kwa mgawo wa kilichopatikana, harudi nyumbani na kitu. Nimesikia watu wa ofisini wakisema kwamba hali hiyo ni nafuu kwa ziwa, kwani uvuvi unapungua. Ni kauli ya mtu ambaye mshahara wake unaingia tarehe ileile kila mwezi. Mvuvi aliyekosa chambo na ana watoto wa kulisha haendi kulala. Anakodi timba usiku.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba dawa ipo na haihitaji miujiza. Kambale ni miongoni mwa samaki rahisi kuzalishwa katika Afrika nzima. Unachukua jike lililokomaa, unalichoma homoni; hata asiye na ya dukani anaweza kutumia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambale mwingine, ikasagwa na kuchanganywa na maji ya chumvi. Baada ya saa kadhaa unalikamua tumbo taratibu na mayai yanamiminika kwenye beseni, rangi yake kijani cha kahawia. Dume kwa bahati mbaya halikamuliki, hupasuliwa ili kupata manii. Unachanganya kwa unyoya, unamwaga maji, unatandaza mayai kwenye wavu. Maji yakiwa na joto zuri, kwa muda wa siku moja au zaidi kidogo yameshaanguliwa. Jike moja linatoa makumi ya maelfu ya mayai. Kazi ngumu inakuja baadaye: vifaranga vinakulana, vikubwa vinameza vidogo, lazima uvichague kwa saizi kila mara na uvilishe bila kuchelewa. Ukizembea wiki moja umebaki na vinene vichache. Lakini aliyefunzwa vizuri, ndani ya miezi miwili hivi ana kambale wa saizi ya ndoano. Hahitaji kumnenepesha miezi sita, wala chakula kingi, wala soko la mbali. Mteja wake analala mita mia mbili kutoka bwawani.

Wenzetu wa Kenya magharibi walishaonja jambo hili. Mwaka 2009 serikali yao ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo, majimbo 140 kwa kuanzia, lengo likiwa samaki wa kula. Mabwawa mengi yalikufa, na lawama juu ya hilo zilikuwa halali. Ila baadhi ya wafugaji wa karibu na ziwa waligundua kwamba kifaranga cha kambale kina mnunuzi anayekuja mwenyewe na ndoo: mvuvi wa sangara. Biashara ya vifaranga vya chambo ikashika. Somo hilo liko wazi kwa kila anayetaka kulisoma, na halijafanywa sera ya ziwa zima.

Na sisi? Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mkopo. Ni hatua njema na naiunga mkono. Boti ile inakwenda mbali zaidi na inabeba ndoano nyingi zaidi. Kwa hiyo inataka chambo zaidi. Aliyepanga mkopo wa boti angepaswa kupanga na mkopo wa bwawa la chambo katika karatasi ile ile. Mimi sikulisikia jambo hilo likisemwa. Tunao wataalamu: taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, ipo; wakala wa mafunzo ya uvuvi, FETA, ana kampasi yake Nyegezi, pale pale kandoni mwa ziwa. Vijana wanahitimu wakijua kuzalisha kambale, kisha wanarudi mtaani kuendesha bodaboda.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema kambale anayezalishwa aende sahani ya mtu, asilishwe sangara atakayepanda ndege kwenda Ulaya. Hoja hiyo ina uzito na siidharau. Lakini kambale wa chambo tayari analishwa sangara, kila usiku, ziwa zima; tofauti ni kwamba leo anaibwa kinamasini na kuondoka na vifaranga vya sato ambavyo ndivyo vingekuwa kitoweo cha kaya za hapa. Bwawa linapunguza hasara hiyo. Wengine watasema ndoano zipigwe marufuku zibaki nyavu. Wavu unaopotea ziwani unaendelea kuua kwa muda mrefu bila mtu kufaidika, na ndoano kubwa yenye chambo kizuri inachagua sangara mkubwa kuliko timba inavyoweza kufanya. Ukiua uvuvi wa ndoano unaipa timba ziwa zima.

Hoja moja tu naipokea kwa mikono miwili: mbegu. Kambale wanaotunguka kwenye ndoano wataingia ziwani, na wakiwa wametokana na wazazi walioletwa kutoka mbali, watachanganyika na wa kwetu. Kwa hiyo wazazi wachukuliwe humu humu, wabadilishwe mara kwa mara, na vituo vikaguliwe. Ni jambo la kanuni na usimamizi, na ndiyo kazi tunayoilipia mishahara.

Wenye viwanda vya minofu nao wasikae pembeni. Kila kilo inayotoka kiwandani kwenda nje, na kila bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, linalouzwa kwa bei ya kutisha, limeanzia kwa kambale mmoja aliyetungwa ndoanoni au kwa wavu. Viwanda hununua sangara kwa viwango vikali vya usafi. Vinauliza samaki alihifadhiwa kwenye barafu vipi, ana urefu gani. Havijawahi kuona haja ya kuuliza alivuliwa kwa chambo cha wapi. Wanaoishi kwa sangara wa ndoano wachangie mabwawa ya chambo, na wasiambiwe ni hisani. Ni gharama ya kuzalisha bidhaa yao, kama umeme na barafu.

Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, wakurugenzi wa halmashauri za kanda ya ziwa, na ninyi mnaokaa Jinja kwenye Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria kwa niaba ya nchi tatu: andikeni chambo kwenye kanuni kama zana ya uvuvi, chenye chanzo kinachojulikana. Toeni mkopo wa bwawa kwa kila kikundi cha kusimamia uvuvi (BMU) ambacho mwalo wake una mitumbwi ya ndoano, na mpelekeni hapo mhitimu mmoja wa Nyegezi. Wachota chambo wa leo wawe wa kwanza kuajiriwa, kwa kuwa wao ndio wanaomjua kambale kuliko sisi wote. Wapeni msimu mmoja wa mpito, mabwawa yaanze kutoa. Baada ya hapo fungeni vinamasi vya mazalia na msimamie kweli. Mkianza kwa kufunga kabla ya kuzalisha, mtakuwa mmewasha moto mwingine kama ule wa 2018, na kufikia kiangazi vyandarua vitakuwa vimerudi kwenye mafunjo.