Sukari ya Muhoroni haihitaji kupanda ndege

"Kaka, hii ni kilo 19. Tiketi yako ni ya kilo 7."

Hayo niliambiwa kwenye kaunta ya uwanja wa ndege Nairobi, Desemba, foleni ikiwa ndefu nyuma yangu. Nilikuwa naenda nyumbani, upande wa Ahero. Nilikuwa nimenunua tiketi ya bei ya chini kabisa, ile inayokuruhusu begi la mkononi tu, halafu nikapakia kama mtu anayepanda basi la usiku. Nguo zangu zilikuwa kilo 6 hivi. Kilo 13 zilizobaki zilikuwa shopingi ya nyumbani: sukari kilo 4, paketi 2 za unga, mchele kilo 2, na mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita 3.

Wakaniambia nilipe shilingi 3,000 au niache mzigo. Shopingi yenyewe ilinigharimu kama 2,300.

Sasa fikiria vizuri. Sukari inasagwa Muhoroni na Chemelil, ambako ni karibu na kwetu. Mchele unalimwa Ahero kwenyewe, mtu akisimama barabarani anaona mashamba. Mimi nilikuwa nimevinunua Nairobi ili nivirudishe kwa ndege vilikotoka, kwa shilingi 3,000 juu. Na duka la kijijini kwetu, hatua chache kutoka kwa geti ya Mama, linauza vyote hivyo na lina nambari ya till imebandikwa mlangoni.

Ushauri wa kusafiri na mzigo mwepesi kwa kawaida huanzia kwenye nguo. Kunja shati hivi, beba viatu jozi moja, mafuta ya kujipaka weka kwa kichupa kidogo. Ni sawa. Lakini kwa Mkenya anayeenda nyumbani, nguo si tatizo. Tatizo ni vitu vya watu. Ukipunguza suruali mbili umeokoa kilo moja. Ukiacha unga na sukari umeokoa nane. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo pesa kwenye simu inaweza kuvibeba kwa niaba yako bila kupimwa na mtu.

Safari iliyofuata nilifanya hivi. Siku moja kabla ya kusafiri nilimpigia mwenye duka, nikamsomea orodha, akanipa jumla. Nikalipa kwenye till yake, Mama akatumiwa mtoto na toroli kubebewa vitu. Kwa sababu nililipa duka moja kwa moja, Mama hakulazimika kwenda kwa ajenti kutoa pesa. (Ukimtumia yeye mwenyewe, tafadhali ongeza na ya kutolea. Kumtumia mzazi 2,000 kamili halafu akatwe ada si uungwana.) Mimi nikapanda ndege na begi la mgongoni.

Mama hakufurahi. Lazima niseme ukweli. "Mwanangu, pesa si zawadi," aliniambia. "Mtu hafiki nyumbani mikono mitupu." Na hapo ana haki kuliko mimi. Majirani wakija kukusalimia hawaoni ujumbe wa malipo, wanaangalia umekuja na nini. Kwa hiyo sasa hubeba kitu kimoja cha kuweka mkononi mwake: mkate mkubwa na majani ya chai anayoyapenda. Havifiki hata kilo moja na nusu. Uzito wa heshima ndege inaweza kuubeba, ila gunia ndilo ghali.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu kuna jambo lililonitisha kuliko zile 3,000. Nikiwa nimeona haya, watu wakipiga miluzi, nilibonyeza nambari ya malipo haraka. Jina lililojitokeza kwenye skrini lilikuwa la duka la vipuri vya magari. Nilikuwa nimekosea tarakimu moja. Nikafuta nikaanza upya, lakini ningekuwa na haraka kidogo zaidi ningeweka PIN na kuanza kazi ya kutafuta pesa zangu kwa mtu nisiyemjua. Na jamaa aliyekuwa nyuma yangu alikuwa karibu sana na bega langu. Mzigo mzito humfanya mtu alipe kwa papara, na papara ndiyo wezi wanayoipenda. Kama ni lazima uwe na begi kubwa, lilipie unaponunua tiketi, ukiwa umekaa nyumbani kwako. Mara nyingi huwa nafuu kuliko kaunta, na hakuna mtu anayekuchungulia.

Jambo lingine: ukiacha vitu vingi nyumbani, simu ndiyo inakuwa mzigo wako wa maana. Nauli ya matatu iko humo, chakula kimo humo, na tiketi pia. Basi ichunge kama ulivyokuwa ukiichunga bahasha ya noti. Pawabenki ibebe kwenye begi la mkononi, kamwe usiiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Pawabenki na betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi huko kwa sababu ya hatari ya moto. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, na pawabenki ya mAh 20,000 huwa karibu 74, kwa hiyo nyingi tunazotumia ziko salama. PIN usiiandike kwenye karatasi ukaitia kwenye begi hilo hilo. Na weka noti chache mfukoni, mia tano au elfu moja hivi, maana mtandao ukilala mtu wa boda hatakungoja hadi uamke.

Waambie pia walioko nyumbani utakuwa angani saa ngapi. Safari ya Nairobi hadi Kisumu ni chini ya saa moja, lakini kwa mtu anayekutafuta bila kukupata ni muda mrefu. Tapeli akimpigia mama yako wakati huo na kusema, "Mwanao amezuiliwa eapoti na mizigo, tuma pesa haraka," naye akijaribu kukupigia simu imezimwa, ataamini. Mimi na Mama tumekubaliana: hakuna pesa inayotumwa kwa sababu ya mzigo wangu mpaka asikie sauti yangu. Na mtu nisiyemfahamu akiniomba nimbebee kifurushi kilichofungwa, jibu ni hapana, hata akiwa mzee wa kuheshimika namna gani.

Kurudi Nairobi ndiko kugumu zaidi. Nilikuta gunia la viazi vitamu limeshafungwa, njugu kwenye kopo, na jogoo amefungwa miguu chini ya mwembe. Jogoo hasafiri kwenye kabini, hilo hata Mama alikubali baada ya mjadala. Nilimwomba aendelee kumfuga, nimle Aprili. Viazi tulivipeleka stendi, vikapanda basi la usiku kwa shilingi 400. Nililipa kwa simu baada ya kusoma jina la kampuni kwenye skrini, na ule ujumbe wa malipo sikuufuta mpaka nilipochukua gunia langu kesho yake asubuhi. Njugu nilibeba mwenyewe. Kwenye kaunta begi lilikuwa na kilo 6.8, na yule dada hata hakuinua macho.