Milima ya chai: mama anayechuma majani si pambo la picha

Picha ya treni ya buluu ikipita juu ya daraja lenye matao tisa, katikati ya mashamba ya chai, inazunguka sana katika simu za watu. Daraja hilo liko Demodara, karibu na mji mdogo wa Ella, katika milima ya Sri Lanka. Lilimalizika kujengwa mwaka 1921. Saa chache za treni kutoka hapo kuna kituo cha Nanu Oya, ambako watalii wanashuka ili kupanda Nuwara Eliya, mji wa chai unaojulikana kuliko miji yote ya nchi hiyo.

Mkaaji wa Kivu angefika Nuwara Eliya asingejiona mgeni sana. Mji uko kwenye kimo cha mita karibu 1,870, juu kidogo kuliko Bukavu. Asubuhi kuna baridi na ukungu. Kandoni mwa barabara wanauza karoti, kabichi na viazi, kama wamama wa Kabare wanavyofanya. Hata historia inafanana. Waingereza walipanda kwanza kahawa. Kuanzia mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ukaiharibu, na chai, ambayo Mskoti James Taylor alianza kuilima kwa biashara mwaka 1867, ikachukua nafasi yake. Bustani ya Hakgala, karibu na mji, ilifunguliwa mwaka 1861 kwa ajili ya kupanda kinkina, mti unaotoa kinini. Watu wa Bukavu wanaujua mti huo vizuri, kwa maana kiwanda cha Pharmakina kiliishi kwa maganda yake.

Mtalii anayefika huko anapata vitu vingi vya kuona. Kuna ziwa Gregory, lililotengenezwa kwa mikono ya watu mwaka 1873 na kupewa jina la gavana wa wakati ule. Kuna posta ya matofali mekundu, iliyojengwa kama nyumba za Uingereza. Huko Kandapola, kiwanda cha zamani cha chai kimegeuzwa kuwa hoteli. Viwanda ambavyo bado vinafanya kazi vinafungua mlango: mgeni anaonyeshwa jinsi majani yanavyonyaushwa, yanavyosokotwa, yanavyoachwa yabadilike rangi na kukaushwa kwa moto, kisha anapewa kikombe na kuelekezwa dukani. Ni kazi iliyopangwa vizuri. Anayetaka kujua jinsi utalii wa chai unavyoendeshwa ana mengi ya kujifunza hapo.

Lakini kitu ambacho kila mtalii anataka kukipiga picha si kiwanda wala ziwa. Ni mama aliyebeba kikapu au gunia mgongoni, kamba ikishikilia kichwani, akichuma majani mawili na chipukizi moja, tena mawili na moja, mteremko mzima. Mama huyo yumo katika matangazo ya hoteli, kwenye pakiti za chai, kwenye kadi za posta. Ndiye sura ya mji. Tena ndiye anayepata kidogo kuliko wote katika biashara hiyo.

Wengi wa wachumaji hao ni Watamil, wajukuu wa watu walioletwa kutoka kusini mwa India kufanya kazi katika mashamba ya Waingereza. Wengi bado wanaishi katika zile nyumba za mstari mmoja zilizojengwa wakati wa ukoloni, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1948, sheria ya uraia ikawaacha mamia ya maelfu yao bila nchi. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2003 ili sheria nyingine imalize jambo hilo. Msomaji wa Kivu hahitaji kuelezwa uzito wa neno uraia kwa watu ambao babu zao waliletwa na mkoloni kufanya kazi ya shamba.

Upande wa mshahara hali si nzuri zaidi. Mwaka 2021, kisha miaka ya kudai, serikali iliweka mshahara wa chini wa rupia 1,000 kwa siku, yaani karibu dola 5 wakati ule. Mwaka uliofuata uchumi wa nchi ukaanguka pamoja na rupia, na zile 1,000 zikashuka chini ya dola 3. Ili kupata mshahara kamili, mchumaji anapaswa kufikisha kilo alizopangiwa, mara nyingi karibu 18 kwa siku. Mtalii anayelala usiku mmoja katika hoteli nzuri ya Nuwara Eliya anaweza kulipa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima wa mama aliyempiga picha asubuhi.

Wenye makampuni wana jibu lao, na si jibu la bure. Wanasema bei ya chai inaamuliwa katika mnada wa Colombo, kwamba mbolea na mafuta vimepanda, na kwamba wakilipa zaidi watafunga. Wengine wanaongeza kwamba utalii umeleta kazi: madereva, wapishi, wauza matunda, viongozi wa wageni. Hayo yote ni kweli. Lakini jibu hilo la kwanza ndilo linalowahukumu. Kama chai peke yake haiwezi kumlipa mchumaji, basi pesa za utalii ni mapato mapya, na mnada wa Colombo hauyagusi. Kwa nini yampite? Mgeni halipi ili aone jani. Majani ya chai yanapatikana dukani kwake. Analipa ili aone shamba lililopunguzwa sawasawa kama zulia, na zulia hilo linafumwa na mikono ya yule mama, kila juma, kwenye mvua na kwenye jua. Kazi yake inauzwa mara mbili, mara moja kama chai na mara nyingine kama mandhari. Yeye analipwa mara moja tu. Kwa ile mara ya pili anangojea sarafu ambayo mgeni mwenye huruma atamtupia kisha picha.

Jambo hili linahusu Kivu moja kwa moja. Chai ililimwa hapa tangu wakati wa Wabelgiji, Kabare na Walungu, na kaskazini karibu na Butembo. Kisha ikaja zairianisation ya mwaka 1973, miaka ileile ambayo Sri Lanka nayo ilikuwa ikitaifisha mashamba yake. Kisha zikaja vita. Mashamba mengi yaligeuka pori, mengine yakakatwa vipande. Lakini milima ingali pale, na kila mara amani inapotajwa, neno utalii linatajwa pamoja nayo.

Wengine watasema kwamba kuzungumza juu ya watalii wakati wakaaji wengi wamekimbia vijiji vyao ni kucheka matanga. Wana haki ya kukasirika. Lakini pesa za wenye mitaji zinafika haraka kuliko sheria, na mkataba unaosainiwa wakati watu wangali wanatafuta mahema na unga ndio utakaowafunga watoto wao. Kivu imekwisha kuona mfano. Katika miaka ya 1970, Batwa waliondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega ili wageni waje kuona sokwe. Pesa za sokwe ziliingia. Batwa walibaki kandoni mwa msitu wao, bila shamba na bila msitu. Hakuna aliyeandika mapema sehemu yao ni ipi, kwa hiyo hawakuwa na sehemu.

Basi siku mashamba ya chai ya Kivu yatakapofunguliwa kwa wageni, mambo matatu yaandikwe kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Kwanza, sehemu inayojulikana ya kila tiketi iende kwa wachumaji wenyewe, katika kikundi chao, mbele ya macho ya wote, isiwe zawadi ya mkubwa. Pili, anayewaongoza wageni shambani awe mtu aliyewahi kufanya kazi humo, au mtoto wake, kwa sababu ndiye anayejua kwa nini jani fulani linachumwa na lingine linaachwa. Tatu, nyumba ya mfanyakazi itengenezwe kabla ya chumba cha hoteli. Na picha ya mtu ipigwe kwa ruhusa yake.

Hakuna lolote katika hayo linaloharibu uzuri wa mlima. Nuwara Eliya ni mji wa kupendeza, na anayepata nafasi ya kufika aende. Ila akiisha kunywa kikombe chake kiwandani, aulize swali moja ambalo haliandikwi katika vitabu vya wageni: mama aliyechuma majani haya analala wapi? Huko Sri Lanka swali hilo limechelewa zaidi ya miaka 150. Hapa Kivu bado linaweza kuulizwa kwa wakati wake.