KAYE ZETU ZISIFUNGIE KARANGA



Watu wanasema masomo ya kesho yatakuwa ya mashine. Inawezekana. Lakini sisi wa mwaka wa sita tunaona kesho hiyo imekwisha kuingia mlangoni mwetu.

Mwaka 2019 Serikali ilianza kutekeleza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Watoto walioingia mwaka wa kwanza wakati ule walimaliza wa sita 2025. Wengi walisoma wanabanana, darasa limejaa, mwalimu mmoja. Sasa wako kwetu sekondari, na huku wazazi wanalipa minervali. Makuta ya kitabu yatatoka wapi? Wanacho kile tu mwalimu anaandika ubaoni.

Na sisi tunafanya nini? Wakubwa wetu, matokeo ya mtihani wa Serikali yakitoka, wanajimwangia poda, wanaimba, na kaye zao zinaenda kwa mama wa karanga kufungia. Sisi pia mwaka jana tuliuza zetu, tukala mandazi. Juzi mdogo wetu alikuja kuomba somo la hesabu, tukakosa cha kumpa. Haya ilitushika.

Basi tunaomba hivi: kila mmoja wa mwaka wa sita aache kaye zake shuleni, na kila juma akae saa moja na wadogo, awaelezee mpaka waelewe. Kukariri tu hakutoshi. Serikali ifanye yake, lakini sisi tuko hapa leo. Tusingoje.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita