Anwani isiyolindwa isimhukumu mwanafunzi

Mtu akifika mlangoni pa mwenzake hupiga hodi. Aliye ndani huuliza, "Nani?" na aghalabu mgeni hujibu kwa neno moja tu: "Mimi." Ukilitazama jibu hilo kwa jicho la mwanaisimu, utaona kwamba halijamtaja mtu yeyote. Neno "mimi" halina mwenyewe. Humwashiria yeyote anayelitamka wakati huo. Hata hivyo mlango hufunguliwa, kwa sababu aliye ndani hakulitegemea neno bali sauti. Mgeni ambaye sauti yake haijulikani huulizwa tena, "Mimi nani?"

Nimeanza na hodi kwa sababu mitandao ya Wi-Fi iliyotandazwa katika vyuo vyetu, kuanzia kumbi za mihadhara hadi mabweni, husikia "mimi" mchana kutwa na usiku kucha. Mtandao ambao haukusanidiwa ipasavyo hauulizi swali la pili. Hufungua mlango, kisha huandika katika kumbukumbu zake kwamba aliyeingia ni fulani. Siku ya siku, kumbukumbu hizo huletwa mbele ya watu kama ushahidi.

Miaka michache iliyopita niliketi katika kamati ya nidhamu ya chuo kimoja. Mbele yetu alisimama mwanafunzi wa kike wa mwaka wa tatu, aliyedaiwa kujaribu kuingia katika mfumo wa kuhifadhi alama za mitihani. Ushahidi ulikuwa karatasi moja. Sehemu ya juu ilionyesha anwani ya kifaa kilichojaribu kuingia. Sehemu ya chini ilionyesha kwamba siku hiyo anwani ile ilikuwa imepewa kipakatalishi cha binti huyo. Kwa wengi wetu mezani, kesi ilikuwa imekwisha. Naye alisema, kwa sauti iliyotetemeka, kwamba saa ile kipakatalishi chake kilikuwa kimezimwa, kimo mkobani, na yeye yumo ndani ya matatu akielekea kwao.

Ndipo mwenzetu mmoja alipomwuliza fundi wa mitambo: "Je, mtandao wetu unaweza kumzuia mtu mwingine asiitumie anwani hii?" Fundi, ambaye alikuwa mtu mkweli, akajibu kwamba uwezo huo umo ndani ya vifaa vyetu, ila haujawashwa. Kesi ikafutwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Lakini uvumi haukufutwa. Hadi alipohitimu kulikuwa na waliomwita mwizi wa alama, na aliyefanya kitendo kile hajulikani mpaka leo.

Yafaa ieleweke ni kwa nini jambo kama hili linawezekana. Kila ujumbe unaosafiri katika intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti hubeba anwani mbili: ya inakokwenda na ya ilikotoka. Ruta, yaani mitambo inayozielekeza pakiti njiani, kwa kawaida huisoma ile ya kwanza tu. Ni kama karani wa posta anayetazama jina la mpokeaji juu ya bahasha, asijali ni nani aliyejiandika kuwa mtumaji. Itifaki inayotawala mpango huu ilichapishwa Septemba 1981, wakati ambapo waliounganishwa walikuwa watafiti na taasisi chache zilizoaminiana. Mtumaji huiandika anwani yake mwenyewe. Aweza kuandika ya kweli. Aweza pia kuandika ya jirani.

Hatari hiyo haikugunduliwa jana. Mwaka wa 1989 mtafiti Steven Bellovin wa Marekani alichapisha makala iliyoeleza madhara ya kuifanya anwani ya mtumaji kuwa kitambulisho. Desemba 1994 kompyuta za mtaalamu Tsutomu Shimomura huko California zilivamiwa kwa hila ya namna hiyo, na Februari 1995 Kevin Mitnick akatiwa mbaroni. Septemba 1996 kampuni ya huduma za intaneti ya Panix, mjini New York, ilizidiwa na mafuriko ya maombi yaliyobeba anwani za uongo. Mei 2000 Paul Ferguson na Daniel Senie wakatoa mwongozo ujulikanao kama BCP 38, unaomtaka kila mwenye mtandao azuie langoni pake pakiti zenye anwani zisizo zake. Baadhi wameufuata, wengine wameupuuza. Ndiyo sababu Februari 2018 tovuti ya GitHub ilipigwa na mafuriko yaliyofikia terabiti 1.35 kwa sekunde. Wavamizi waliziandikia seva za watu wengine maombi madogo wakijifanya kuwa GitHub, na seva hizo zikaielekezea GitHub majibu makubwa mno.

Hata hivyo, mlinzi wa lango hatoshi. Yeye huona tu kwamba pakiti inayotoka ina anwani ya chuo; hawezi kujua kama ni ya kifaa kilicho bweni la juu au bweni la chini. Anayeiba anwani ya jirani yake ndani ya ua mmoja hapiti langoni kabisa. Kwa hiyo ukaguzi unapaswa kufanyika karibu sana na mtumaji, pale pakiti inapotia mguu katika mtandao kwa mara ya kwanza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, ni miongoni mwa walioandika mwaka wa 2008 juu ya majaribio ya uhakiki wa anwani za watumaji. Oktoba 2013 shirika la IETF, ambalo hutunga itifaki za intaneti, likachapisha muundo uitwao SAVI wenye lengo hilo hilo. Leo uwezo wa kufanya ukaguzi huu umo katika vifaa vingi vya Wi-Fi vinavyouzwa kwa mashirika na vyuo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuuwasha.

Je, ulinzi huu hufanyaje kazi? Kifaa kinapojiunga na mtandao huwa hakina anwani, hivyo hufanya mazungumzo mafupi na seva inayozigawa. Mazungumzo hayo yana kauli nne: kifaa huita, seva hupendekeza anwani, kifaa huiomba anwani hiyo rasmi, na seva huthibitisha. Kituo cha Wi-Fi, kilicho kati ya wawili hao, huyasikiliza mazungumzo hayo na kuandika katika jedwali: kifaa hiki kimepewa anwani hii, mpaka saa fulani. Tangu hapo kila pakiti inayotoka katika kifaa hulinganishwa na jedwali. Ikilingana, hupita. Isipolingana, hutupwa papo hapo.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Katika mtandao usiolindwa njia ya mwongo ni ndefu mno. Yaweza kuzunguka dunia nzima. Ulinzi wa anwani ndio unaoifupisha. Laiti ungalikuwa umewashwa siku ile, pakiti za mdanganyifu zingalifia kwenye kituo cha kwanza, na binti yule asingalisimama mbele yetu.

Lakini kuuwasha si kubonyeza kitufe na kwenda zako. Kuna mambo ya kutangulizwa, na muhimu kuliko yote ni ile sauti niliyoitaja mwanzoni. Jedwali huifungamanisha anwani na kifaa, na kifaa chenyewe hutambulikana kwa anwani ya maunzi, ambayo nayo yaweza kuigwa. Isitoshe, simu za kisasa huibadilisha anwani hiyo makusudi ili kulinda faragha ya wenyewe. Katika mtandao ulio wazi, au wenye neno moja la siri linalojulikana na chuo kizima, jedwali hilo ni nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Ni sharti kila mtu aingie kwa jina lake na neno lake la siri, kwa utaratibu uitwao 802.1X. Utaratibu huo ndio unaotumiwa na eduroam, mpango uliozaliwa Uholanzi mwaka wa 2002 na ambao taasisi zetu huupata kupitia KENET. Hapo hata mtu akiiga anwani ya maunzi ya mwenzake, itambidi aingie kwa jina lake mwenyewe, na jina hilo litabaki katika kumbukumbu.

Aidha, fundi ahakikishe kwamba majibu ya kugawa anwani yanakubaliwa kutoka upande wa seva halali peke yake, ili mhuni asijifanye mgawaji. Printa, seva na vifaa vingine vyenye anwani za kudumu viandikwe katika jedwali kwa mkono kabla ulinzi haujaanza, la sivyo vitakatwa. Jedwali nalo limfuate mtumiaji anapotoka ukumbini kwenda maktaba, maana hapo huhama kutoka kituo kimoja hadi kingine. Tena IPv6 isisahauliwe: katika mpango huo mpya kifaa kimoja huweza kuwa na anwani kadhaa na kuzibadilisha mara kwa mara. Anayelinda anwani za mtindo wa zamani peke yake amefunga mlango na kuacha dirisha wazi. Na kwa kuwa makosa hayakosi, ni busara kuanza na jengo moja, kusikiliza malalamiko, kisha kuendelea.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili litawasumbua watu. Ni kweli kwamba yeyote aliyezoea kujiandikia anwani kwa mkono atajikuta hana mtandao mpaka aache kifaa chake kipewe anwani na seva. Huo ni usumbufu wa asubuhi moja. Uupime na usumbufu wa mwanafunzi aliyebeba jina la wizi hadi siku ya kuvaa joho.

Wapo pia wenye hoja nzito zaidi, kwamba tunakijengea chuo chombo cha kuwapeleleza wanafunzi. Hoja hiyo siipuuzi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inataka habari za watu zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisiwekwe kupita muda unaohitajika, na kumbukumbu za mtandao hazikusamehewa. Chuo kitangaze kinaweka nini, kwa muda gani, na ni nani anayeruhusiwa kuzisoma. Lakini tusijidanganye: mtandao usio na ulinzi wa anwani pia una kumbukumbu, ila zaweza kusema uongo. Mwanafunzi anayepelelezwa kwa kumbukumbu za uongo amedhulumiwa mara mbili.

Wala nisieleweke kwamba anwani ikilindwa basi hukumu imepatikana. Ulinzi huu huthibitisha kwamba pakiti imetoka katika kifaa kilichopewa anwani ile. Hauthibitishi vidole vilivyokuwa juu ya kibodi. Neno la siri huibwa. Kipakatalishi huazimwa na rafiki. Kumbukumbu iliyolindwa ni mwanzo mzuri wa uchunguzi. Isiyolindwa haifai hata kuwa mwanzo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wenzangu wanaoketi katika kamati za nidhamu wasikubali karatasi yenye anwani kabla hawajauliza maswali matatu. Je, wakati wa tukio, ulinzi wa anwani ulikuwa umewashwa katika mtandao ule? Je, kila mtumiaji aliingia kwa jina lake, au wote walitumia neno moja la siri? Je, ulinzi huo ulihusu anwani za aina zote mbili, za zamani na za IPv6? Jibu likiwa "la" kwa swali lolote kati ya hayo, karatasi hiyo isimtie mtu hatiani.

Nanyi wanafunzi, msiuache mjadala huu kwa wale wanaosomea kompyuta peke yao. Atakayesimamishwa mbele ya kamati kesho huenda akawa msomaji wa fasihi au wa kilimo, asiyejua hata kwamba kipakatalishi chake kina anwani. Waulizeni wakuu wa vyuo vyenu maswali hayo hayo sasa, kabla ya kesi, wakati ambapo jibu bado laweza kubadilishwa na fundi mmoja kwa kazi ya siku chache.

Wazee wetu hawakuhitaji shahada yoyote kujua kwamba neno "mimi" peke yake halimtambulishi mtu. Usiku wa giza, sauti ngeni ikibisha mlangoni, waliuliza mara ya pili kabla ya kuondoa komeo. Mitandao yetu nayo ifundishwe kuuliza: "Mimi nani?"